Mbuzi wa Mama Bucha

Mama Bucha hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kupiga. Kelele, alisema, ni za watu wasio na mikono. Yeye mikono alikuwa nayo, tena mipana, iliyokomaa kwa miaka mingi ya kubeba mapaja ya ng'ombe na kuyatundika kwenye kulabu, na mtaa mzima ulijua uzito wake. Mchuuzi mmoja aliyejaribu kumchezea mzani alikaa siku kadhaa anakunywa uji kwa mrija. Mlevi aliyemtukana mbele ya wateja alibebwa kwa ukosi na mkanda wa suruali, akatua kwenye mtaro wa maji machafu. Watu walicheka, na Mama Bucha akarudi kukata maini kama aliyefukuza nzi.

Siku aliyompiga mkwewe hakuna aliyecheka. Walikuwa mezani, chumba cha nyuma ya bucha: yeye, binti yake wa pekee, mume wa binti yake na mjukuu. Chakula kilikuwa kimeungua kidogo, mkwe akamfokea mkewe. Alifoka tu, hakuinua hata kidole. Mama Bucha akainuka, akalitwaa panga la kukatia mifupa lililokuwa limeegemea ukuta, akampiga nalo mdomoni kwa ubapa. Meno yaliruka yakaingia kwenye bakuli. Damu ilichuruzika juu ya kitambaa cha meza mpaka kwenye sahani ya mtoto. Mtoto huyo, msichana wa miaka sita waliyemwita Kijino kwa sababu ya pengo lake la mbele, alikutwa chini ya meza amejikojolea, na kwa siku kadhaa hakusema neno. Aliporudiwa na sauti aliuliza kama bibi anakuja. Hakuuliza kwa hamu. Aliuliza ili ajue wapi pa kujificha.

Binti alikuja bucha asubuhi, akasimama nje ya kizingiti.

"Mama, sikutukani wala sikushtaki," alisema. "Ila mtoto wangu haoni tena hiyo mikono yako. Ukikaa bila kumpiga mtu mpaka shule zifungwe, nitakuletea umwone. Ukiinua mkono kwa yeyote, awe mwizi, awe mlevi, basi hesabu huna mjukuu. Na usifikiri sitajua. Mtaa huu hauna siri."

"Nimekusikia."

"Umenisikia siku zote, mama. Safari hii fanya."

Mama Bucha alimpenda Kijino kuliko kitu chochote chenye uhai, na hilo hakumficha mtu. Yeye binti yake alikuwa amemlea kwa makofi, akidhani ndiyo malezi. Mjukuu ndiye aliyemfunza kubembeleza, na sasa mjukuu mwenyewe alikuwa anamkimbia. Iliuma mpaka kazi ikawa haifanyiki. Alisimama mbele ya gogo la nyama, panga mkononi, akasahau mteja ameomba nini.

Nyuma ya chumba chake, upande wa pili wa ukuta wa mabati, lilikuwapo banda la mchonga vinyago. Kila mtu alimwita Fundi tu. Alikuwa mzee mwembamba, mcheshi, mwenye vidole virefu, anayechonga wanyama wadogo wa kukaa kiganjani. Kijino alipokuwa akija alikuwa haondoki mbele ya rafu walikopangwa. Mama Bucha aliufikiria ukuta ule, akaifikiria mikono yake, akasema moyoni: nikitengeneza mnyama mmoja mdogo kwa mikono hii hii, mtoto atakuja kumchukua, na akija kumchukua atanigusa.

"Umewahi kuchonga?" Fundi alimuuliza alipoingia.

"Nimekata ng'ombe."

"Ng'ombe wako amekwisha kufa, hana ubishi. Mti unabisha. Kaa hapo."

Alimpa kipande cha mti mlaini na kisu kifupi, akamwonyesha nyuzi za mti zinavyokwenda, kama michirizi ya maji. Miguu ya mnyama lazima isimame kwa kufuata nyuzi, ukiilaza kinyume itakatika hata kwa chafya. Kisu hakirushwi, husukumwa kwa kidole gumba, kidogo kidogo, unabandua ganda. Mama Bucha aliitikia yote kisha akafanya vile mkono wake ulivyozoea. Nyama hukatwa kwa kuvunja nyuzi ili iwe laini mdomoni, basi naye alivunja nyuzi. Tena kila alipofika kwenye goti la mnyama alitafuta kiungo apitishe kisu. Miguu ilidondoka mmoja baada ya mwingine. Alijikata kidole gumba, akajikata kiganja, mti ukanywa damu mpaka ukawa mwekundu.

"Sasa hapa tunachonga au tunachinja?" Fundi aliuliza.

Mama Bucha alitupa vipande ukutani. Alitukana mti na mama yake mti. Siku moja alikipasua kisiki cha kukalia kwa tezo, na Fundi akatoa kingine. Lakini kila alasiri alirudi, maana alipokuwa amekaa pale hakuwa akimpiga mtu.

Hatimaye akapata mbuzi mwenye miguu yote minne. Alimweka mbele ya Fundi akiwa na kiburi cha mama mzazi. Fundi alimgeuza huku, akamgeuza kule, kisha akamfunga uzi miguu ya nyuma na kumning'iniza kwenye msumari. Alikaa sawasawa kabisa.

"Mama Bucha, mbuzi wako ni marehemu."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Ngumi ya Mama Bucha ilijikunja yenyewe, ikanyanyuka mpaka usawa wa kifua, kisha akatazama na kuona. Shingo ya mbuzi ilikuwa imelegea nyuma. Miguu ya mbele ilining'inia. Tumbo lilikuwa limeingia ndani kama lililokwisha kutolewa matumbo. Alikuwa amemchonga mbuzi kama anavyowajua, nao amewajua wakiwa kwenye kulabu. Ngumi ikafunguka. Akacheka naye.

"Nenda ukawatazame walio hai," Fundi alisema. "Na usiende na kisu."

Siku hiyo hiyo ndipo alipomwona Chuma akiwa kazini. Chuma alikuwa mtoto pekee wa Fundi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, aliyepata jina hilo kwa kunyanyua vyuma tangu ujana. Alitaka lile banda aweke meza ya puli, ile ya kusukuma mipira kwa fimbo, vijana waje kucheza kwa kulipia. Baba yake alikataa. Chuma aliingia akainama chini ya bati, akamuuliza baba yake kama amepata akili. Fundi akajibu kwamba bado anaitafuta, pengine imeingia kwenye mapande ya mbao. Chuma akampiga kofi. Halikuwa kofi la kutisha mtu, lilikuwa la kuangusha. Mzee akaanguka juu ya maganda ya mti, mdomo umepasuka.

Mama Bucha alikuwa amekwisha kusimama.

"Njoo basi, bi mkubwa," Chuma alimwambia akitabasamu. "Nipige. Habari nitampelekea bintiyo mimi mwenyewe, tena kwa miguu."

Mtaa kweli haukuwa na siri. Mama Bucha akakaa, akaiweka mikono chini ya mapaja, akaikalia. Chuma alimpiga baba yake teke moja la mbavuni, akatoka akipiga mluzi.

"Ni kijana tu," Fundi alisema akifuta damu. "Akili itamrudia."

"Kijana gani ana mvi? Mzee, mchelea mwana kulia..."

"Hulia yeye. Naijua, nilifundishwa kabla hujazaliwa. Shika kisu, giza halijaingia."

Mama Bucha alikwenda kwenye zizi la wachuuzi wa mifugo bila kisu, akaegemea ua. Wachuuzi walimkimbilia wakidhani anataka kununua, akawafukuza. Alitazama mbuzi wakigombania majani, wakipigana pembe, wakipanda juu ya migongo ya wenzao. Kulikuwa na jike moja la kahawia lililoinua mguu wa nyuma, likajikuna sikio taratibu, likafumba macho kwa raha. Mama Bucha alikuwa amewachinja mbuzi wasiohesabika, na hakujua kwamba wanafumba macho kwa raha. Aliona haya, pale pale, mbele ya mbuzi. Akarudi bandani mbio mbio na kuanza upya.

Huyo ndiye aliyemchonga. Mguu umeinuliwa, shingo imepinda, sikio limeshushwa. Alifuata nyuzi. Alisukuma kwa gumba. Alijikata mara chache tu. Fundi alikuwa akimtazama kwa pembeni, amenyamaza, na kwa Fundi kunyamaza ndiko kusifu.

Walikuwa wamefika kwenye jicho. Fundi alikuwa ameshika msumari uliochongoka, anamwonyesha jinsi ya kuchora mstari wa jicho lililofumbwa, Chuma alipoingia na wenzake wawili wamebeba miguu ya meza ya puli.

"Leo unatoka," Chuma alisema.

"Mikono hii ikiwa inafanya kazi, banda ni langu," Fundi alijibu, wala hakuinua macho.

"Kumbe shida ni mikono."

Alisema kama mtu aliyeelezwa jambo dogo alilokuwa hajalielewa. Akaitwaa nyundo ya mti mgumu iliyokuwa mezani, ile ya kupigia patasi. Akakamata kifundo cha mkono wa kulia wa baba yake, akaubana juu ya gogo la kuchongea. Wenzake waliweka miguu ya meza chini wakasogea nyuma. Fundi hakuamini mpaka alipoona nyundo imekwenda juu. Hapo ndipo aliposema, "Mwanangu."

Mama Bucha alikuwa na kisu mkononi. Shingo ya Chuma ilikuwa karibu, hatua moja tu, na mshipa unaonekana. Aliuona mshipa na akamwona Kijino chini ya meza, vyote kwa pamoja. Basi akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani: alipiga kelele.

"Mwache! Jamani, tusaidieni! Anamuua mzee!"

Akatoka nje mbio, anaita. Watu walitoka madukani, wakajaa njiani, na hakuna aliyeingia. Walimtazama yeye. Walikuwa wanangoja Mama Bucha afanye kazi yake kama siku zote. Alimshika fundi viatu wa jirani kwa shati, akamsihi, akamvuta, fundi viatu akarudi nyuma. Kutoka bandani ulisikika mlio wa nyundo ukitua kwenye kitu kisicho mti, ukatua tena, na tena, na sauti ya mzee ikapanda ikawa nyembamba kama ya mtoto.

Alipoingia, Chuma alikuwa anajifuta jasho. Vidole virefu vya Fundi vilikuwa vimetandazwa juu ya gogo, vimebonyea, mfupa mweupe umechomoza pawili, kucha moja imeng'oka ikabaki imenata kwenye uso wa nyundo. Chuma aliidondosha nyundo miguuni pa Mama Bucha. Alipompita alimgusa shavu kwa kiganja, kama anavyoguswa mtoto mtiifu.

Mama Bucha alimbeba Fundi mgongoni mpaka hospitali. Vidole viwili vilikatwa, vingine vikaachwa vimekakamaa. Daktari alipouliza, Fundi alisema ameangukiwa na mlango. Mama Bucha alikwenda polisi, na polisi wakamwambia mwenye mkono aje mwenyewe kusema. Mwenye mkono akarudia habari ya mlango.

"Njoo ukae kwangu," Mama Bucha alimwambia.

"Nina nyumba yangu. Na nina mwanangu."

Akarudi bandani. Meza ya puli ilikuwa imejaza nafasi yote, naye akapewa godoro chini yake. Mchana vijana walicheza. Wakiondoka, Mama Bucha, akiwa anakata nyama upande wake, alisikia kupitia mabati: kofi, mguno, kimya, kofi. Kila alipolisikia alilishusha panga juu ya mfupa kwa nguvu zaidi ili asisikie, na wateja wakalalamika kwamba nyama imejaa vipande vya mifupa. Akauchora mstari wa jicho la mbuzi peke yake. Ulitoka vizuri, na hakufurahi.

Shule zikafungwa. Binti yake alitimiza ahadi, akaja na Kijino amemshika mkono, wakakaa chumba cha nyuma, meza ile ile. Mtoto alijibanza kwenye gauni la mama yake. Mama Bucha hakusogea. Alimweka mbuzi mezani, akamsukuma kwa kidole mpaka katikati, akarudisha mkono wake.

Kijino alimtazama mbuzi, mguu ulioinuliwa, jicho lililofumbwa. Kisha akanyoosha mkono.

"Anajikuna," alisema, na pengo likaonekana.

"Anajikuna, ndiyo. Anasikia raha."

Mtoto akazunguka meza polepole, akaja kusimama karibu na goti la bibi yake, akaegemea. Mama Bucha alikuwa na furaha ya kutisha, ile inayomfanya mtu aogope hata kukohoa.

"Mama, nimesikia yote," binti yake alisema, na macho yake yalikuwa na machozi. "Watu wameniambia. Chuma alimvunja baba yake mkono mbele yako, na wewe hukumgusa. Hukumgusa! Nilimwambia mume wangu, mama amebadilika. Najivunia wewe."

Maneno yale Mama Bucha alikuwa ameyangoja tangu binti yake azaliwe, na sasa yalimwingia kama mwiba. Na kabla hajafungua kinywa, kofi likalia nyuma ya mabati. Likafuatiwa na kishindo cha mtu kugonga ukuta, bati likatetemeka, na mzee akaanza kulia.

"Bibi, nani huyo?" Kijino aliuliza.

"Fundi. Ndiye aliyenifundisha kuchonga."

"Anapigwa?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na mwanawe."

Kishindo cha pili. Mtoto aliuangalia ukuta, akaiangalia mikono ya bibi yake iliyolala juu ya mapaja.

"Na wewe umekaa tu?" aliuliza.

Hakumlaumu. Aliuliza kama mtoto anayeuliza kwa nini mvua haijanyesha. Mama Bucha akainuka.

"Mama, kaa," binti yake alisema. "Tutaita watu."

"Niliwaita. Walinitazama."

"Nilichosema nilikisema. Ukitoka hapo..."

"Najua, mwanangu. Mfunike mtoto macho."

Aliyaacha mapanga yote ukutani. Alitoka mikono mitupu, akazunguka kona, akaingia bandani. Fundi alikuwa amekaa chini, amejikunyata kwenye ukuta, mkono wenye bandeji umeinuliwa kuficha uso. Chuma alikuwa na fimbo ya puli.

"Umefunguliwa breki, bi mk..."

Hakumaliza. Chuma alimvunjia fimbo kichwani, fimbo ikakatika, damu ikamjaa Mama Bucha jicho moja, naye akaja tu. Alimkamata Chuma kwa nywele na mkanda kama anavyokamatwa ndama mkorofi, akaupigiza uso wake kwenye ukingo wa meza. Pua ilipasuka. Akaupigiza tena. Mipira iliruka ikaviringika chini. Chuma alimtia ngumi tumboni, akamng'ata mkono mpaka nyama ikaachia, na Mama Bucha hakusikia kitu. Alipiga kwa ajili ya kofi la kwanza alilolikalia. Alipiga kwa ajili ya kila kofi alilolisikia kwenye mabati. Akauvuta mkono wa Chuma juu ya ukingo wa meza, akauegemea kwa uzito wake wote, mfupa ukalia, na lile jitu likapiga yowe.

"Baba! Baba, nisaidie!"

Fundi alikuja kwa magoti. Alijitupa juu ya mwanawe, akamfunika kwa mwili wake mwembamba, akamtazama Mama Bucha kwa macho ambayo hakuwahi kuyaona kwake.

"Mwache mwanangu! Muuaji wewe! Toka! Toka kwangu!"

Mama Bucha alirudi nyuma, anahema, mikono imelowa mpaka viwiko. Mlangoni alikuwa amesimama binti yake, na Kijino kiunoni. Hakuwa amekumbuka kumfunika macho. Binti aligeuka, akaondoka na mtoto.

Chuma alihama mtaa mkono ukiwa kwenye plasta, na mpaka leo hajaonekana. Mama Bucha alilala rumande siku chache, kisha mashahidi wote wakagundua kwamba siku ile hawakuwa na macho. Meza ya puli ilitolewa. Fundi amerudi kwenye kisiki chake, anajifunza kuchonga kwa mkono wa kushoto, miguu ya wanyama wake inavunjika kama ya mwanafunzi. Mama Bucha akimsalimu, hamwitikii. Binti naye ni mtoto wa mama yake: alichokisema hakirudi. Akipita na Kijino hupita upande wa pili wa barabara, na Mama Bucha huacha kukata, akatazama mpaka wapotelee kwenye kona.

Majirani humuuliza, kwa umbeya zaidi kuliko huruma, kama anajuta. Husema ndiyo. Anajuta mpaka chakula hakipiti kooni. Anajuta siku ile ya nyundo, alipokuwa karibu kiasi cha kuuona mshipa, akaenda kuita watu.